Saa ya Mama Mdogo

12 Januari

Mwanangu,

Barua hizi nimezifunga kwa uzi mweupe na kuzipanga kwa tarehe. Usiruke hata moja. Zangu nazo zimo, maana nilifanya kazi ofisi ya mitihani miaka thelathini na minne, na sheria ya pale unaijua: hakuna karatasi inayotoka bila nakala kubaki. Karatasi ya kaboni haichagui, hushika na uongo. Wiki hii nimeziketia nakala zangu kwa kalamu nyekundu, nikazisahihisha pembeni kama nilivyosahihisha za watoto wa watu. Sikujipendelea.

Nakuambia jambo lenyewe mapema ili usihangaike kulitafuta. Saa mbili ulizotutumia mwaka jana hukuzichanganya. Majina uliyaandika sawasawa. Mimi ndiye niliyezibadilisha, mchana kweupe, mezani, miwani nimevaa. Yenye laini yake ya simu ilikuwa ya mama yako mdogo, nikaichukua. Isiyo na laini ilikuwa yangu, nikampelekea yeye. Alipoanguka ngazini saa haikuweza kumpigia mtu, wewe ukabeba lawama, na mimi nikakutazama ukiibeba.

Yeye nimemwandikia tarehe tisa. Jibu halijaja. Likija nitalipanga mahali pake, hata likiwa la matusi. Daktari zamani aliniambia "tutaona". Siku hizi ananiambia "pumzika".

Mama yako

*

11 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu kutoka ng'ambo hii ya mpaka. Natumaini cherehani inakwenda na mgongo unavumilia.

Mtoto ametuma kifurushi kimoja, ndani yake saa mbili za mkononi, hizi za kisasa zinazosikiliza mapigo ya moyo na kukuuliza kama umeanguka. Watu wa forodha walikichana chote, kwa hiyo usishangae ukiona karatasi ya juu nimeifunga upya. Yako ni hii ninayompa dereva wa basi. Yangu ina duara jekundu kwenye kitufe cha pembeni, maana yake ina laini ndani na hupiga simu yenyewe hata simu ikiwa mbali. Nadhani ameniletea hiyo kwa sababu ya moyo wangu. Yako hufanya kazi ikiwa karibu na simu, nawe si mtu wa kutembea mbali.

Mshukuru, lakini usimpigie kila siku. Mkunga akitoka zamu ya usiku anataka kulala.

Dada yako

(Pembeni, kwa wino mwekundu: Forodha hawakugusa kitu. Karatasi niliichana mimi. Mistari miwili ya mwisho ni wivu mtupu. Alama: sifuri.)

*

29 Machi

Dada, shikamoo.

Saa imefika salama, na dereva ameniambia umempa maagizo mengi kuliko mizigo. Nimeivaa. Wateja wanakuja kupimwa magauni wanaishia kuniuliza saa ngapi, na mimi najibu taratibu ili waiangalie vizuri.

Nilikwenda nayo kwenye duka la kampuni yangu ya simu. Dada wa pale aliigeuzageuza akasema, "Mama, hawa waliokununulia walikubania. Hapa kwetu tumeanza kupokea saa zenye laini tangu mwaka jana. Ungeletewa hiyo, ungeacha simu nyumbani ukaenda zako, namba ni ile ile." Nikamwambia mwenye kuzaa hupewa kwanza, na mimi nimetangulizwa vya kutosha maishani. Akacheka.

Hii inanifaa. Asubuhi inaniambia nimelala vibaya, kana kwamba sikuwepo.

Yako je, inapiga? Huko kwenu kampuni zinazipokea?

Mdogo wako,
Sindano

*

16 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Yangu inafanya kazi vizuri sana. Napokea simu mkononi nikiwa bustanini, na majirani wanadhani naongea peke yangu kwa uzee. Kampuni yangu haikunisumbua hata kidogo.

Mtoto hajaniandikia wiki tatu. Nadhani wewe amekupigia.

Dada yako

(Pembeni: Nilikwenda kampuni zote tatu, kwa teksi, nikipumzika kila ngazi. Ya kwanza walisema hawajawahi kuiona. Ya pili walinipa fomu ya simu iliyopotea. Ya tatu mzee mwenzangu wa kaunta alinivutia kiti akasema, "Bibi, saa yako nzima. Sisi ndio hatujajifunza kuongea nayo. Labda mwakani, labda mwaka wa mbele." Nikarudi na saa inayoonyesha saa. Ya ukutani nilikuwa nayo tayari. Bustanini sijawahi kupokea simu yoyote. Ningeweza siku hiyo hiyo kumpa dereva akaivusha mpaka, ikaamka mkononi mwa mwenyewe. Niliiweka kabatini, chini ya mashuka. Heri ilale kwangu kuliko iamke kwake: hilo niliwaza, kwa maneno hayo hayo.)

*

24 Agosti

Dada, shikamoo.

Mwandiko huu usikutishe, naandika nimelala chali. Nimevunjika nyonga.

Ilikuwa Jumanne. Nilipanda juu ya paa kuanua nguo, na simu niliiacha kwenye meza ya kukatia, chini kabisa, ghorofa tatu. Nikiteremka na beseni, ngazi ya mwisho ya paani haikuwepo pale nilipoitegemea. Saa ina adabu zake: ikaniuliza kama nimeanguka. Nikabonyeza ndiyo. Ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia simu haipo karibu. Basi tukakaa hapo wawili, mimi na yeye, kila mmoja hana la kumfanyia mwenzake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa kumi jioni mteja alikuja kuchukua gauni la mahafali, akasikia mtu anagonga beseni.

Daktari anasema nitatembea, kwa fimbo. Cherehani ya miguu basi tena. Naulizia ya umeme.

Mtoto amelia sana kwenye simu. Mwandikie, wewe una maneno.

Sindano

*

15 Septemba

Mama, shikamoo.

Nimejua kilichotokea na nakuandikia wewe kwanza kwa sababu Mama Mdogo hataki nilizungumzie.

Nilimwomba anipigie picha ya kitufe cha saa yake. Hakina duara jekundu. Mama, ile yenye laini nilimnunulia yeye. Anaishi peke yake, na kampuni ya huko kwake inaipokea. Yako nilichukua isiyo na laini kwa sababu niliuliza, na huko kwako hakuna hata moja inayoipokea. Nilizifunga mwenyewe baada ya zamu mbili mfululizo, nilikuwa nimezalisha wanawake saba, sioni mbele. Nitakuwa niliandika majina kinyume. Kosa dogo hivyo, na mtu amelala saa sita kwenye saruji.

Kwenye sanduku la saa isiyo na laini, chini ya chaja, niliweka kikaratasi cha kukueleza. Bila shaka kilikwenda kwake. Hakikuwa na neno kubwa.

Wewe ulipoona duara jekundu hukushangaa? Silaumu, nauliza tu. Silali. Kila nikifunga kifungo cha mtoto mchanga kwenye mkono wake, kile chenye jina, nakisoma mara nne.

Mwanao

*

30 Septemba

Mwanangu,

Usijitese. Kila mtu hukosea, na uchovu si dhambi. Mimi mambo ya duara jekundu siyajui, nilidhani ni urembo. Mama yako mdogo ni mgumu, atapona. Lala.

Mama yako

(Pembeni: Nimesahihisha mitihani zaidi ya elfu sitini na sijawahi kuona jibu baya kama hili. Mtoto alileta kosa langu mikononi mwake, akaniuliza kama ni lake, nikamwambia ndiyo. Tena kwa upole. Upole huo ndio unaoniua, moyo unasingiziwa.)

*

9 Januari

Mdogo wangu,

Soma barua hii ukiwa umeketi.

Saa unayovaa ni yangu. Yako ninayo mimi, kabatini, haijawahi kupiga simu hata moja. Nilizibadilisha. Mtoto hakukosea.

Siku kifurushi kilipofika nilifungua kwa kisu cha mkate. Karatasi ya buluu jina langu, karatasi ya kijani "Mama Mdogo". Ningeishia hapo leo ningekuwa naandika salamu tu. Lakini nilisoma maandishi ya sandukuni, unajua siwezi kuona maandishi nikayaacha, nikakuta yako ina kitu ambacho yangu haina. Sikujiuliza kwa nini. Niliona tu kwamba wewe umepewa zaidi, na jambo hilo sikulianza mwaka jana.

Nilikuachia mtoto ana miaka miwili, nikaenda kusoma. Miaka mitatu. Digrii ninayo, ipo ukutani, imefifia kwa jua. Niliporudi mtoto alinishika mkono kwa heshima, akanikaribisha sebuleni kwako, akaniambia, "Keti, Mama anakuja." Mama alikuwa wewe, jikoni. Ulikuwa umempa na jina la utani, Kifungo, kwa sababu alikuwa akitembea na kopo lako la vifungo kila mahali. Usiku ule ule nilimfundisha kusema "Mama Mdogo". Alikosea mara nyingi. Nilimsahihisha kila mara, mbele yako, nawe ulikuwa ukiinamisha kichwa kama unatafuta sindano iliyoanguka. Jina Kifungo sijalitamka hata siku moja. Nilisema ni la kitoto.

Akikua, habari njema na mbaya alikupigia wewe, mimi niliandikiwa. Wewe uliambiwa kwanza alipofaulu, alipopata kazi, alipoachwa na yule mhandisi. Mimi nilipata barua safi, zenye aya. Nilikuwa nazisoma nikiwaza, amekwisha kulia kwa mwingine, mimi naletewa nakala.

Sikutaka uanguke. Lakini sikutaka pia uwe na kitu kinachoita. Kisha ukaanguka, mtoto akajilaumu, nikamwachia.

Sasa nina swali, kisha nimalize. Mtoto anasema aliweka kikaratasi chini ya chaja, ameniandikia mimi. Kilikuja kwako. Kama ulikisoma, ulijua tangu Machi kwamba saa niliibadilisha. Ulikwenda ukamwambia dada wa duka "mwenye kuzaa hupewa kwanza". Ukanyamaza. Ukalala kwenye saruji saa sita, ukanyamaza. Kwa nini? Ulikuwa unaningoja nijisute mwenyewe? Kama ndivyo, umeshinda.

Nitamwambia mtoto. Najua nikimwambia atakuwa wako mzima, sitabakiwa na hata ile nusu niliyokunyang'anya. Ni haki.

Siombi uje. Naandika hivyo kwa adabu. Njoo, kama nyonga inaruhusu.

Dada yako

*

24 Januari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimeketi, kisha nikaisoma nimesimama, kwa hasira, na kusimama kwenyewe siku hizi ni kazi.

Nilijua. Siku ya kwanza, chaja mkononi. Nitakinakili kikaratasi hapa, nawe ni msahihishaji, utaona nisichoweza kukieleza:

"Mama yangu mpenzi, usidhani nimekupa iliyo duni. Kampuni za kwako bado hazipokei saa zenye laini, nimeziuliza zote tatu. Siku zikianza nitakubadilishia mara moja. Vaa hii, nijue moyo wako unaendaje, maana wewe huniambii. Mwanao."

Ndiyo hiyo sababu. Mstari wa kwanza na neno la mwisho.

Miaka arobaini sijaitwa hivyo, Dada. Uliponinyang'anya sikusema kitu, ulikuwa na haki, mtoto wako. Lakini mwezi wa tatu, kwenye meza ya kukatia, kati ya pindo na pindo, nikakuta mtoto ananiita. Nilijua haniiti mimi. Nilijua vizuri sana. Na nilijua kwamba nikikupigia kusema "Dada, umechanganya saa", itabidi nirudishe na kikaratasi. Nikapima, kama napima kitambaa. Nikaamua saa uchukue wewe, barua nichukue mimi. Niliona nimekupunja.

Huo wivu unaouungama si wako peke yako. Wewe una barua zake, safi, zenye aya, amekaa chini akakufikiria kabla ya kuandika. Mimi napigiwa akiwa kwenye basi, akila, akilia, nusu ya maneno siyasikii. Hakuna hata moja ninayoweza kuishika mkononi. Nilikuwa nikija kwako naliona lile kasha la barua juu ya kabati, natamani kuiba moja. Mwisho nikaiba.

Kule kwenye ngazi nilikulaani saa mbili za kwanza. Saa ya tatu nikajilaani mwenyewe. Saa ya nne nilikuwa na kiu tu.

Lakini huko kujilaumu hukumtwisha mtoto wewe peke yako. Alinipigia akilia, "Mama Mdogo, ni mimi", nami nikasema, "Basi, yameisha." Ningesema ukweli angeuliza nilijuaje. Tulimkalisha katikati kama tulivyomkalisha ana miaka mitano, kila mmoja akivuta mkono wake.

Kikaratasi nakuletea chenyewe. Nimekikunja vile vile alivyokikunja. Nakuja Jumamosi, basi la asubuhi, na fimbo. Usiwatume watu kunipokea kama mgeni. Na chai usipike wewe, ulikuwa mbaya wa chai hata ulipokuwa mzima.

Sindano

*

6 Februari

Kifungo,

Usishtuke. Ni mama yako anaandika, na jina nimeliandika kwa hiari yangu.

Amefika. Aliingia akitanguliwa na fimbo, akaniangalia kitandani, akasema, "Umekonda, nitakupunguzia magauni yote." Mengine hatukuyasema siku hiyo. Siku ya pili tulisema yote, kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Mama yako mdogo akamjibu bado, subirini.

Barua unazo sasa. Utatukasirikia, na tumekubaliana kwamba ni lazima utukasirikie wote wawili kwa kipimo kimoja. Yeye anadai nimpunguzie kwa ajili ya nyonga. Nimekataa. Lala usingizi, mwanangu. Majina uliyaandika sawasawa.

Kikaratasi alinipa Jumapili. Nilikisoma mara moja, maana macho hayaruhusu mara mbili. Kisha nikamrudishia. Akasema, "Ni chako." Nikamwambia mimi ninazo zako mia mbili na kumi na mbili kwenye kasha, nimezihesabu, yeye ana hiyo moja. Ameishonea mfuko ndani ya koti lake, mishono midogo sana, ya kupindua. Usimwambie kwamba nimekuambia.

Ule mstari wa "wewe huniambii" umenikaa. Basi nakuambia: moyo wangu unaenda vibaya, hukosa pigo moja katika matano, na usiku nasikia pengo lake. Naogopa kidogo. Ruhusa yako ya safari imepangwa Aprili, nami sidhani kama nitafika huko. Sikuandika hili ili ulie peke yako, mpigie yeye, yuko hapa kando yangu, mlie wote, mimi nitasikiliza.

Saa tumebadilishana. Isiyo na laini nimevaa mimi, inaongea na simu iliyo chini ya mto wangu wa kulalia, na inafanya kazi yote uliyoikusudia. Ile yenye duara jekundu ipo mkononi mwake. Hapa kwetu haitamki neno. Tumeijaza chaji, inamwangalia tu. Lakini akivuka mpaka, duka la kampuni yake lipo stendi pale pale anaposhukia, na ameahidi kuipitisha hapo kabla hajaenda nyumbani. Simu ya kwanza atakayopiga nayo ni kwako, na atakuambia anapiga kutoka mkononi.

Hataondoka hapa mpaka mambo yangu yaishe. Kwa hiyo siku hiyo utajua nyumba imefungwa na ufunguo anao yeye. Ipokee, hata kama uko zamuni. Na akiwa bado hajasema lolote, wewe anza. Mwite lile jina la jikoni, la siku niliyorudi, bila neno la pili. Sitamsahihisha mtu.

Mama yako